Mwalimu wa Michezo na Mji wa Kwenye Kompyuta

Kompyuta zilipoletwa shuleni kwetu Utemini, Singida mjini, zilikabidhiwa kwa mwalimu wa michezo kwa sababu ya neno moja tu. Fundi aliyezileta alimweleza mwalimu mkuu kwamba ndani yake kuna michezo ya kuwafundisha watoto usalama wa mtandaoni. Asubuhi ile mwalimu mkuu alikuwa na mambo mengi. Choo cha wavulana kilikuwa kimetitia, wakaguzi walikuwa njiani, na mama mmoja alikuwa amekaa ofisini kwake akidai sweta la mwanawe. Katika maneno yote ya fundi alishika moja, michezo. Akachungulia dirishani, akamwona mwalimu wa michezo akipanga mipira kwenye wavu, akamwita.

"Mwalimu, michezo yako imefika."

Alikuja na wavu mtupu mkononi, tayari kupokea mipira mipya. Alipoonyeshwa maboksi alisimama kidogo, akayazunguka, akagonga moja kwa kidole.

"Mkuu, hii ndiyo michezo?"

"Ndiyo aliyosema fundi."

"Basi nionyesheni goli liko wapi," akasema, akaanza kuyabeba.

Nilifanya naye kazi miaka mingi. Mimi nilikuwa na darasa la nne, chumba kinachotazama uwanja, kwa hiyo nilimsikia kuliko nilivyomwona. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye ndevu chache zilizokuwa zimeanza kuingia mvi, na alikuwa na traksuti ya bluu iliyopauka magotini. Aliivaa kazini, aliivaa msibani chini ya koti, na aliivaa kwenye harusi ya binti yake mpaka mkewe alipomrudisha ndani. Filimbi ilining'inia shingoni hata kanisani. Watu wa kwaya wanasema siku moja alikohoa katikati ya sala filimbi ikiwa mdomoni, na wazee wawili wakasimama.

Hakujua kunong'ona. Akiongea na simu ofisini, sote tulipata habari za Issuna, kwao: mbuzi gani kazaa, shemeji yupi kanuna, mjomba kapelekwa hospitali kwa ugonjwa ambao mjomba mwenyewe angependa ubaki kwake. Hakuwa na ubaya. Jambo likiingia kwake lilitafuta tu mlango wa kutokea. Tulijifunza kutomwambia kitu. Mwalimu mwenzetu mmoja alipoposwa, alimwambia mwalimu mkuu, akaniambia mimi, akatuomba kwa machozi tusimwambie mwalimu wa michezo. Na mtu huyu ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha watoto kuficha mambo yao.

Mchezo wenyewe ulikuwa mji. Ukifungua kompyuta unaona barabara, nyumba, duka, bustani, na kila mtoto anapewa kikatuni chake cha kutembea humo. Anaweza kujenga nyumba, kupanda miti, na kuwaandikia wenzake maneno yanayotokea juu ya kichwa cha kikatuni. Kompyuta ziliunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa nyaya, hazikutoka nje ya chumba kile, kwa hiyo mji ule ulikuwa na wakazi wa shule yetu peke yao. Fundi alimweleza kwamba ni mahali pa mtoto kukosea bila kuumia. Mwalimu wa michezo alielewa mara moja. Ni kama mazoezi kabla ya mechi, alisema.

Siku ya kwanza aliwaingiza darasa la tano. Akasimama mlangoni, akapuliza filimbi.

"Kabla ya kucheza, salamu. Hakuna mtu anayeingia kwenye mji wa watu bila kusalimia."

Huku kwetu mtoto akimpita mtu mzima bila shikamoo, habari hufika nyumbani kabla yake. Watoto wakaandika. Nilikuwa nimechungulia siku hiyo, nikaona vikatuni vimesimama barabarani, kila kimoja kina shikamoo juu ya kichwa, na hakuna anayeitikia, maana kila mmoja alihofia kwamba aliye mbele yake ni mkubwa kuliko yeye. Mji mzima ulikwama kwa adabu.

Mwalimu naye alikuwa humo na kikatuni chake. Alikuwa ameshindwa kukibadilisha sura, kikabaki vile kilivyokuja, msichana mdogo mwenye gauni jekundu. Mtoto mmoja aitwaye Yohana, aliyekuwa na ujasiri kuliko wenzake, alimsogelea yule msichana, akaandika: marahaba, mtoto mzuri.

Filimbi ikalia.

"Nani amenipa marahaba?"

Yohana akasimama taratibu, mikono nyuma.

"Ulijuaje kwamba mimi ni mdogo?"

"Mwalimu, ulikuwa na gauni."

"Na sasa?"

"Sasa una ndevu."

Tulidhani atamchapa. Akamtazama Yohana, akakitazama kikatuni, akavuta kiti akakaa. Halafu akacheka mpaka akashika mbavu, na watoto walipoona anacheka nao wakaachia. Alipomaliza kufuta macho aliwaambia wakae vizuri.

"Hebu nisikilizeni. Yohana hajakosea adabu. Ameona gauni. Mtu anayewaandikia kwenye simu ya mama anaweza kuvaa gauni lolote analotaka. Mngemjuaje?"

Nadhani hata yeye alikuwa ndiyo kwanza anaelewa alichokuwa anakifundisha.

Kuanzia siku hiyo hakujaribu tena kukibadilisha kikatuni chake. Akakipa jina Pendo. Na Pendo karibu amfukuzishe kazi.

Alifikiri hivi: akikaa na watoto chumbani watamjua. Akahamisha kompyuta moja, waya wake akiuvuta dirishani, hadi chumba cha vifaa vya michezo, katikati ya mipira na jezi, na watoto wakiwa kwenye mji wao, Pendo anaingia kama mwanafunzi mgeni. Anasifia nyumba zao. Anauliza maswali madogo madogo. Mnakaa upande gani? Mna mbwa? Mama anarudi saa ngapi? Mtoto aitwaye Zainabu, msichana mkarimu sana, alimweleza Pendo kila kitu: nyumba yao iko nyuma ya msikiti, mlango wa bluu, mama anauza vitunguu sokoni na harudi mpaka jioni, mbwa anaitwa Askari lakini ukimwita kwa jina haumi.

Jumamosi mwalimu akaenda. Nia yake, alivyonieleza baadaye, ilikuwa amkute Zainabu na ndugu zake uani, ajitambulishe kuwa ndiye Pendo, wote washtuke, somo liingie. Akafika. Mbwa akaja mbio. Akamwita Askari, Askari akatikisa mkia. Akasukuma mlango wa bluu akaingia.

Baba Zainabu alikuwepo. Zainabu hakuwa amemtaja baba kwa sababu Pendo hakuuliza. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba anatia mpini kwenye jembe, akamwona mwanamume mrefu asiyemjua amesimama uani kwake akimpapasa mbwa wake.

"Wewe nani?"

Mwalimu alikuwa amelifanyia mazoezi jibu lake njia nzima, likatoka lenyewe.

"Mimi ni Pendo."

Sehemu iliyobaki mtaa mzima uliiona. Mbele traksuti ya bluu, nyuma Baba Zainabu na mpini, katikati Askari, anayefurahi. Mwalimu alikuwa mkimbiaji mzuri, lakini alifanya kosa la kupuliza filimbi akiomba msaada, na vijana waliosikia filimbi wakadhani ni mwizi, wakaziba njia. Walimfikisha kwa mwenyekiti wa mtaa akiwa na kiatu kimoja.

"Ameingia kwangu," Baba Zainabu alieleza akihema. "Anamjua mbwa wangu kwa jina. Namuuliza nani, ananiambia yeye ni Pendo. Mwenyekiti, mtazame mwenyewe. Huyu ni Pendo?"

Mwenyekiti alimtazama kuanzia ndevu hadi kiatu kimoja, akatuma mtu amwite mwalimu mkuu.

Jumatatu wazazi walijaa shuleni, na hapo hapakuwa na kicheko. Mama Zainabu alisimama na kanga yake kiunoni, sauti haikupanda hata kidogo.

"Mwalimu, nimelala siku mbili siko sawa. Mtu mzima amejifanya mtoto, amemchimba binti yangu mpaka amejua siko nyumbani saa ngapi. Unasema lilikuwa somo. Sawa. Mimi kama mama nitajuaje wa kesho naye ni somo?"

Alisimama kujibu. Kwa mara ya kwanza nilimwona amevua filimbi, ameishika mkononi kama kitu asichojua pa kukiweka.

"Hutajua," alisema. "Hata mimi ningekuwa wewe ningeshika mpini. Nilipaswa kuja kwenu kwanza, niwaambie ninyi wazazi ninachotaka kufanya. Sikuja. Naombeni msamaha."

Mwalimu mkuu akatangaza chumba cha kompyuta kimefungwa. Kingebaki kimefungwa mpaka leo kama mwalimu asingeomba jambo moja: wazazi nao waingie kwenye ule mji, mara moja tu, waone watoto wao wanacheza nini, halafu waamue. Wakakubali, zaidi kwa hamu ya kushika kompyuta kuliko kitu kingine. Mimi niliwekwa kwenye chumba cha vifaa niwe Pendo.

Sijawahi kuona watu wanaopenda kuongea kama wale. Nilimsalimia mama mmoja tu, akanieleza ugomvi wake na wifi yake tangu mwanzo. Mzee mmoja alinipa namba yake ya simu kabla sijaiomba. Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe, nilipomuuliza kama haogopi wezi akienda shamba, aliniandikia kwa kidole kimoja, taratibu, kwamba haogopi, ufunguo anauacha chini ya mtungi wa maji.

Nilipoingia chumbani nikasema, "Mimi ndiye Pendo," walinyamaza mmoja baada ya mwingine, kila mtu alipokumbuka alichokuwa ameandika. Mwenyekiti aliomba ruhusa atoke kidogo. Nyumbani kwake ni karibu. Alirudi baadaye, na sidhani kama mtungi ulikuwa bado na ufunguo chini yake.

Chumba kikafunguliwa kwa masharti mawili, na yote yaliletwa na Mama Zainabu: wazazi waambiwe kila somo kabla halijafanyika, na mwalimu wa pili awepo ndani muda wote. Mwalimu huyo wa pili nikawa mimi.

Ndiyo maana nikayaona mengine. Niliona, kwa mfano, kwamba uwanjani alikuwa na fimbo, na ukichelewa kurudisha mpira unaionja, lakini chumba kile hakuwahi kuingia nayo. Aliiacha nje, imeegemea ukuta, kama mwavuli. Nilimuuliza kwa nini.

"Madam, humo wanajifunza kuja kwangu wakishakosea. Akiiona fimbo atakuja?"

"Na uwanjani?"

"Uwanjani wanajifunza kukimbia."

Niliona pia kwamba yeye mwenyewe hakuwa mwanafunzi wa somo lake. Aliwakaririsha watoto kwamba nenosiri si jina la mtu wa nyumbani, na nenosiri lake la kufungulia mji lilikuwa jina la mkewe. Sote tulilijua. Wiki moja akawa amegombana na mkewe kuhusu mbegu za alizeti, kapanda shamba lote mbegu ambazo mkewe alimkataza, na kwa hasira akakataa kuliandika lile jina. Watoto wa darasa la sita wakaja na kukuta mlango umefungwa.

"Mtandao una matatizo," aliwaambia.

"Mwalimu, mama bado amekasirika?" akauliza Yohana, ambaye sasa alikuwa mrefu.

"Mama yupi?"

"Yule wa paswedi."

Siku iliyofuata chumba kilifunguliwa, tukajua wamepatana. Zainabu alinyoosha mkono na kumshauri kwa heshima abadilishe. Akasema atabadilisha. Hakubadilisha, maana alisema mkewe akigundua ameondoa jina lake huko patakuwa hapakaliki.

Kulikuwa na msichana wa darasa la saba anaitwa Neema, mkimya, ambaye nyumba yake ilikuwa nzuri kuliko zote kwenye ule mji. Aliizungushia ua wa maua na kibao mlangoni kilichoandikwa: bisha hodi, subiri. Mama yake aliuza chakula karibu na stendi. Siku moja somo lilipoisha Neema alibaki akipanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Mwalimu alimwona. Akaniambia, "Madam, naomba ukae hapo mlangoni," akakaa sakafuni karibu na viti, wakazungumza. Nilikuwa hatua chache tu kutoka walipokuwa, na sikusikia neno.

Kesho yake alivaa koti juu ya traksuti, akaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akaondoka na bodaboda. Siku nyingine akaomba tena. Tulipomuuliza ofisini alisema anafuatilia jezi.

"Jezi za nani?"

"Za timu."

Jezi hazikuja. Tulimcheka, tukasema amelaghaiwa na muuza jezi, naye aliyefundisha watoto wasilaghaiwe. Alicheka nasi. Hatukuwaza zaidi, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba mtu yule anaweza kubaki na jambo tumboni.

Mama Neema ndiye aliyenieleza, miaka kadhaa baadaye, Neema akiwa ameshakwenda chuo. Tulikuwa tunamenya viazi kwenye shughuli ya jirani. Alidhani najua.

Neema alikuwa akitumia simu ya mama yake, ile aliyotumia kuandikiana na kundi la kwaya. Humo akapata rafiki, msichana wa rika lake, alivyojiita, anayekaa Dodoma. Wakaandikiana muda mrefu. Rafiki akaomba picha, Neema akatuma akiwa na sare ya shule. Akaomba nyingine, za namna nyingine. Neema akasita. Rafiki akasema basi anakuja Singida na shangazi yake, wakutane stendi, na mama asiambiwe.

"Mwanangu alijua," Mama Neema alisema. "Alijua kabisa huyo si msichana. Lakini alikuwa ameshatuma ile picha, akaona kosa ni lake. Mwalimu alikuja hapa kwangu, akasimama, akakataa kukaa. Akaniambia, Mama Neema, kabla sijasema kilichonileta, niahidi hutamgusa mtoto. Nikamwambia sijui umeleta nini, nitaahidije. Akasema basi nitasimama mpaka uahidi. Nikaahidi. Ndiyo akakaa."

Walikwenda watatu polisi, kwenye dawati la watoto. Siku ile ya kukutana alikwenda askari wa kike aliyevaa kiraia, na mtu akaja. Mama Neema alikuwa kibandani kwake akamwona wakimchukua.

"Mtu mzima, Madam. Ana mvi. Amevaa vizuri, shati limepigwa pasi, kashika soda mbili. Ungempisha kwenye foleni."

Akafungwa. Kesi ilisikilizwa faragha kwa sababu ya mtoto, na mwalimu alikwenda kila alipoitwa. Mama Neema alitupa kiazi kwenye sufuria.

"Nikawa nasubiri. Namjua yule, sauti yake naijua. Nikasema leo mtaa utajua, kesho sokoni watajua, binti yangu atapita wapi. Nikawa kila nikienda kuteka maji nasikiliza. Nasikiliza kwenye kwaya. Nikasikiliza mpaka nikachoka."

Mwalimu nilimkuta mwaka jana Issuna. Amestaafu, amerudi kwenye mashamba yake. Nilikuwa narudi Singida mjini kutoka msibani, gari likasimama pale sokoni watu wanunue vitunguu, na sauti niliyoisikia ikinadi sikuhitaji kugeuka kuijua. Nikashuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Madam. Umenenepa."

Akaniketisha kwenye gunia, akaanza. Goti la mkewe. Mkwe aliyeuza baiskeli ya watu. Mchungaji mpya anayesinzia wakati wa mahubiri yake mwenyewe. Muuzaji wa jirani aliyekopa mizani na hataki kurudisha, na muuzaji huyo alikuwa amekaa pale pale pembeni anasikiliza, akaguna tu. Nikacheka kama zamani. Dereva alipopiga honi ya kwanza nikaona nisipolisema sasa sitalisema.

"Mwalimu, Mama Neema alinieleza."

Akaokota kitunguu, akakipangusa udongo.

"Neema yupi?"

"Neema wa darasa la saba. Yule wa mama wa stendi."

"Kina Neema niliofundisha ni wengi sana, Madam. Kila darasa lilikuwa na Neema."

"Yule uliyekwenda naye mpaka—"

"Hivi vitunguu vyangu unavionaje? Mjini mnapata hivi?"

Nikamtazama. Alikuwa anakipangusa kitunguu kile kile, kimeshatakata zamani.

"Ni vizuri," nikasema.

"Basi."

Akanijazia mfuko, akanisindikiza mpaka kwenye gari huku akimsema kondakta kwa kupakia watu kupita kiasi. Nilipata kiti cha dirishani. Gari likawashwa. Akasogea akashika dirisha, akatazama kwanza kulia, kisha kushoto; yule muuzaji aliyekopa mizani alikuwa mbali.

"Huyo Neema," akasema. "Nisiyemjua. Anaendeleaje?"

"Yuko chuo. Uuguzi, mwaka wa mwisho."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na jambo refu. Gari likaanza kusogea naye akatembea nalo kidogo, mkono bado dirishani.

"Simjui," akasema. "Lakini msalimie."